Risasi Isiyolia

Nilipompigia mama simu kumwambia kwamba mjukuu wake amekutwa na risasi katika damu, alipiga ukemi. "Mungu wangu! Nani kampiga?" Nikasikia kiti kikianguka kule Mikindani, na jirani akiuliza kwa nje kuna nini. Mama anajua naishi Marekani, na habari za Marekani anazoziona kwenye televisheni ni za bunduki shuleni na bunduki madukani. Nilitumia dakika nzima kumtuliza. Hakuna aliyempiga mtoto, nilimwambia. Yuko hapa mbele yangu, anakula ndizi. Ni risasi ile nyingine.

"Risasi gani nyingine?"

Hapo lugha yetu haikunisaidia. Neno ni moja, mambo ni mawili: kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki, na yale madini mazito, laini, ya kijivu. Tumelipata kwa Waarabu, na kwao pia neno hilo hubeba yote mawili. Hata penseli tuliyoandikia darasa la kwanza tuliambiwa ni kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe. Nikamwambia mama ni yale madini ambayo mafundi redio huyayeyusha kuungia nyaya, na wavuvi huyatumia kwa chubwi ili mshipi uzame. Alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Ile ya betri? Ile ya Owino Uhuru?"

"Ndiyo, mama. Ile."

Safari hii hakupiga ukemi. Nilisikia akivuta kiti na kukaa. "Afadhali ungeniambia kapigwa mguuni," akasema. "Ya mguuni daktari huitoa."

Mtu asiyetoka upande ule wa Mombasa huenda akaona maneno hayo ni makali mno. Sisi tulioishi Mikindani twayaelewa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi pembeni mwa kijiji cha Owino Uhuru, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi uliingia madirishani, maji machafu yakapita mitaroni ambako watoto hucheza. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa pale, alilazwa hospitali na mwanawe mchanga. Ikadhaniwa malaria, ikadhaniwa homa ya matumbo, hadi damu ilipopimwa ikaonekana ni risasi, na mtoto aliipata katika maziwa ya mama yake. Omido akaacha kazi akawa msemaji wa kijiji kizima. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi huko Mombasa ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, hukumu ikapinduliwa, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mama amezika watu wa kule. Kwake yeye, risasi ya betri ndiyo risasi hasa.

Sasa imefikaje kwenye damu ya mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili, katika mji mdogo wa Pennsylvania ambako hakuna kiwanda cha betri?

*

Kipimo chenyewe kilikuwa cha kawaida. Hapa watoto wengi hupimwa wakitimiza mwaka, na tena wakitimiza miwili. Nesi alimdunga kidole, akakamua tone, na baada ya siku chache akapiga simu kutuita tena ili damu itolewe kwenye mshipa, maana tone la kidoleni huweza kuchafuliwa na kilichopo juu ya ngozi. Majibu ya mshipa yalikuwa maikrogramu 7 kwa desilita.

Daktari alituonyesha jinsi ya kuisoma hesabu ile. Tangu mwaka 2021, Marekani humhesabu mtoto kuwa na risasi nyingi kuliko wenzake akifika 3.5. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa 5, na kabla yake 10. Mpaka umekuwa ukishuka kwa sababu kila wataalamu walipochunguza kiasi kidogo zaidi, walikuta nacho kina madhara. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ukaikaribisha palepale kalsiamu inapokaribishwa: kwenye mifupa, kwenye neva, kwenye ubongo unaojengwa. Mtoto mdogo hunyonya mara nne au tano zaidi ya mtu mzima akimeza kiasi kilekile, na kila anachokiona anakitia mdomoni. Kwa 7, daktari alisema, hatapewa dawa ya kuiondoa. Dawa hizo ni za viwango vya juu mno. Tiba ni moja: tafuteni inakotoka, muizibe.

Kisha yakaja maswali, na maswali yalinielekea mimi. Je, ninatumia viungo vilivyoletwa kutoka nje? Manjano? Sufuria za alumini zilizosubuliwa kienyeji? Ninampaka mtoto wanja? Ninampa dawa za kienyeji? Nesi aliyasoma kwenye karatasi bila nia mbaya, na ni maswali ya haki, kwa kuwa kote huko risasi imewahi kukutwa. Lakini ukiwa mwanamke Mwafrika umekaa na mtoto mapajani, na mumeo mzungu pembeni haulizwi chochote ila simu yake, unaanza kuhisi jiko lako limeshitakiwa. Jioni ile wifi yangu alipiga simu akasema kwa upole, "Huenda ni vile viungo vyako." Nikamwitikia kwa upole uleule.

Tunaishi katika nyumba ya baba mkwe. Mkewe alipofariki tulihamia kwake, nusu kumtunza, nusu kwa kuwa kodi ya nyumba ilikuwa inatushinda. Watu wa kwao wote humwita kwa jina lake, hata wajukuu wakubwa. Mimi ulimi uligoma tangu siku ya kwanza. Namwita Baba, na ameshazoea. Ni mzee wa miaka 71, aliyefanya kazi ya vyuma maisha yake yote, mchache wa maneno, mpole kwa mtoto kuliko nilivyotarajia. Kila jioni humpakata, akimlisha nafaka za kifungua kinywa moja moja kutoka kiganjani mwake.

Mtu wa idara ya afya alikuja na kifaa chenye umbo la bastola. Alikielekeza kwenye fremu za madirisha, kwenye milango, kwenye ngazi, akivuta kama mtu anayepiga shabaha, na kifaa kikampa hesabu. Nyumba ilijengwa mwaka 1958, na rangi yenye risasi haikupigwa marufuku majumbani hapa hadi 1978, hivyo sote tulitarajia jibu litoke ukutani. Akachukua pia viungo vyangu kidogo kidogo, na kile kikopo cha wanja ambacho jirani wa mama alinitumia nilipojifungua, nami nilikiweka kabatini bila kukifungua. Mwisho alipangusa sakafu kwa vitambaa vyenye maji, kila chumba na kitambaa chake, akavifunga kwenye mirija.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Viungo vilikuwa safi. Wanja ulikuwa na risasi. Niliutupa, nikampigia mama amwambie jirani aache kuwapaka wajukuu zake. Rangi ya zamani ilikuwepo kwenye madirisha mawili, lakini imefunikwa na nyingine, haijabanduka. Vumbi la sakafu ndilo lililosema. Lilikuwa kidogo chumbani kwetu, zaidi sebuleni chini ya kiti cha Baba, zaidi tena kwenye ngazi za kushukia besimenti, na huko chini, mbele ya mashine ya kufulia, lilizidi kote.

Hatua tatu kutoka mashine ya kufulia ndipo ilipo meza ya Baba ya kujazia risasi.

*

Upande huu wa Pennsylvania uwindaji wa paa ni kama sikukuu. Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, shule nyingi za mashambani hufungwa ili watoto waende msituni na baba zao. Na wawindaji wa rika la Baba wengi hawanunui risasi dukani; hujijazia wenyewe. Nitaeleza, maana bila hilo huwezi kujua vumbi hutoka wapi.

Bunduki ikilia, kichwa cha risasi huenda zake, lakini ganda la shaba hubaki. Ganda ndilo sehemu ya gharama, na likitunzwa laweza kutumika tena mara nyingi. Mtu huokota maganda yake, akayasafisha hadi yang'ae, akang'oa fataki iliyokwisha kitakoni, akatia mpya, akapima baruti, akakandamiza kichwa kipya juu. Baba alifundishwa na baba yake. Ana daftari la jalada jeusi ambalo kila mkupuo wa risasi umeandikwa: tarehe, aina ya baruti, uzito wake, jinsi zilivyolenga. Ukilifungua utadhani ni kitabu cha mhasibu. Havuti sigara karibu na meza ile. Haweki aina mbili za baruti mezani kwa wakati mmoja. Huvaa miwani. Baruti imefungiwa kabatini, na ufunguo uko shingoni mwake. Katika mambo yanayoweza kulipuka, sijaona mtu mwangalifu kama yeye.

Maganda aliyasafisha kwa njia wanayotumia wengi: bakuli kubwa la plastiki juu ya mota inayotikisika, limejaa magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Unatia maganda mia mbili, unawasha, unaondoka. Mashine hunguruma kama mzinga wa nyuki kwa saa tatu au nne, magunzi yakifuta masizi. Kisha unamwaga vyote kwenye chekeche, unatikisa, magunzi yanaanguka chini na maganda yanabaki juu, yakimetameta kama pete za harusi.

Tulipompa majibu ya idara ya afya, Baba aliyasoma mara mbili akarudisha karatasi mezani. "Ni rangi ya madirisha," akasema. "Mimi nimekuwa nikifanya hivi tangu 1979, na niko hai. Na vichwa ninavyotumia vimevikwa shaba. Risasi iliyomo haigusi hata hewa."

Mume wangu alinitazama kwa jicho la kuniambia niache. Baadaye chumbani akanong'ona kwamba simjui baba yake. Ukimsukuma, anakuwa ukuta. Alipendekeza tutafute nyumba ya kupanga. Tulipiga hesabu hadi usiku wa manane, na kila tulivyozipanga, hazikutimia.

Kumbe Baba alikuwa na haki nusu. Vichwa vyake kweli vimevikwa shaba. Lakini ile fataki ndogo kitakoni mwa ganda, ile inayogongwa ili kuiwasha baruti, kwa kawaida hutengenezwa kwa kemikali iitwayo stifaneti ya risasi. Ikilipuka, risasi hiyo haiondoki yote. Inabaki ndani ya ganda na kwenye kitundu cha fataki kama masizi meusi, laini kuliko unga wa sembe. Masizi hayo ndiyo magunzi huyafuta, nayo huhamia kwenye magunzi. Ganda limekuwa safi, lakini uchafu haukupotea. Umehama tu, na kila mkupuo mpya unaongezwa juu ya wa zamani. Unapotikisa chekeche, unaupepeta.

Nilikotoka mimi, mke wa mtoto hamkosoi baba mkwe. Hata nikiwa na haki, sina kinywa cha kumwambia mzee ndani ya nyumba yake kwamba mikono yake michafu. Siku nne nilitembea na jambo lile. Ya tano, Jumamosi, nilimsikia akishuka, nikamfuata na mtoto akiwa amelala juu na baba yake.

"Baba," nikasema, "nataka kuona kazi yote, mwanzo hadi mwisho. Nifundishe."

Alishangaa, kisha akafurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba, mwanawe hakupenda uwindaji. Akanivutia kigoda. Alinionyesha jinsi ya kutazama ganda lililopasuka shingoni, jinsi ya kusikia kwa kidole kama mdomo wake umelika. Alinieleza anavyokata vipande vya kitambaa kilichotumika kwenye mashine ya kukaushia nguo na kuvitia kwenye magunzi ili vinase vumbi. "Unaona?" akasema, "mimi pia silipendi vumbi." Akafungua kofia yake ya besiboli kuonyesha jinsi anavyookota maganda kwenye uwanja wa shabaha: huyamimina ndani ya kofia, kisha ndoo ikijaa, hujivika kofia. Niliijua kofia ile. Mara ngapi nimeiona kichwani mwa mwanangu, imemfunika hadi puani, na yeye akitafuna ukingo wake.

Kisha mashine ikanyamaza, akamwaga magunzi kwenye chekeche, akaanza kutikisa.

Besimenti ina kidirisha kimoja juu kabisa, usawa wa majani ya nje, na asubuhi ile jua lilikuwa linaingia kwa pale kama ubao. Vumbi likapanda. Katika kivuli usingeliona. Kwenye ule mwanga lilikuwa moshi. Lilipanda hadi dari, likageuka, likaanza kushuka polepole upande wa pili wa chumba, ambako kulikuwa na kikapu cha nguo nilizokunja usiku: fulana za mtoto, soksi zake, shuka ya kitanda chake.

Sikusema neno. Nilikuwa nalitazama tu, nayeye akafuata macho yangu. Mkono wake ukasimama.

"Kila wiki?" akauliza.

"Kila wiki, Baba."

Akaweka chekeche chini kwa taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicholala. Akazima taa ya meza. Tulikaa pale hadi vumbi lote lilipotua.

*

Jumatatu alienda kupimwa damu yake mwenyewe. Ilikuwa 21. Daktari wake, anayemtibu shinikizo la damu kwa miaka mingi, hakusema risasi ndiyo iliyolileta. Alisema tu kwamba risasi hulipandisha, na kwamba yeye hana sababu ya kuibeba. Alimweleza pia kwamba risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa mwezi mmoja hivi ukiacha kuongeza, lakini iliyokwisha kuingia mifupani hukaa miongo ya miaka. Baba alirudi, akafungua daftari lake jeusi kwenye ukurasa mpya, akapiga mistari miwili. Juu ya safu ya kwanza aliandika jina la mjukuu, na chini yake 7. Juu ya ya pili aliandika jina lake, na chini yake 21.

Nilitegemea angeuza vifaa. Hakuuza, nami sikumwomba. Mtu aliyefundishwa na baba yake kazi fulani, ukimpokonya, umempokonya na baba. Tulichofanya ni kukaa mezani, yeye na kalamu, na kupanga upya kila hatua kana kwamba vumbi lile ni baruti.

Meza ilihamia gereji, jengo la pembeni lenye mlango wake. Magunzi yalifungwa kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, pamoja na kofia. Sasa maganda anayaosha kwa maji: pipa dogo la mpira linalozunguka, ndani yake maji, sabuni ya vyombo, unga kidogo wa ndimu, na vijiti vyembamba vya chuma kisichoshika kutu vinavyoingia hadi kitunduni mwa fataki. Kilichokuwa vumbi sasa ni tope, na tope haliruki. Huvaa glavu kuanzia anapong'oa fataki kuukuu, ambazo huziangusha kwenye chupa yenye maji. Ana koti la kazi na viatu vya gereji visivyovuka kizingiti. Koti hulifua peke yake. Kamwe si pamoja na nguo za nyumba. Hakuna kahawa mezani, hakuna karanga. Hafagii kwa ufagio mkavu wala hapulizi kwa mdomo. Hupangusa kwa kitambaa chenye maji, akakitupa. Mashine yetu ya kufyonzea vumbi hairuhusiwi huko, kwa sababu isiyo na chujio la HEPA huvuta vumbi mbele na kulitema nyuma likiwa laini zaidi. Akitoka, huosha mikono hadi viwiko, kisha uso, kwa maji baridi na sabuni maalumu iliyotengenezwa kwa ajili ya madini haya, kwa kuwa sabuni ya kawaida haiondoi yote. Ndipo amshike mtoto.

Kwenda kulenga shabaha nako kukabadilika. Anapendelea uwanja wa wazi kuliko ule wa ndani, ambako fataki za watu ishirini huchangia hewa moja. Nguo za kule hurudi ndani ya mfuko uliofungwa, na kiti cha mtoto kimetolewa kwenye gari lake, kimewekwa langu. Siku hizi kuna fataki zisizo na risasi, naye amezijaribu. Anasema ni ghali, hazipatikani kila mara, lakini zinawaka.

Mimi nilibaki na besimenti na jiko. Wiki tatu tuliosha kuta na sakafu kwa sabuni, tukabadili maji kila chumba, tukatupa zulia la sebuleni na kiti chake. Daktari alinipa karatasi ya vyakula: mtoto mwenye madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha hunyonya risasi kidogo, na tumbo lenye chakula huinyonya kidogo kuliko tumbo tupu. Nikaisoma nikacheka. Dengu, maharage, maini, mboga za majani, maziwa, machungwa. Ni chakula cha mama, chote. Hapa wana majani yao yanayofanana na sukuma wiki kiasi kwamba ukiyakata membamba na kuyakaanga na nyanya, mtu wa Mombasa hatauliza swali. Nilipika dengu kwa manjano yaleyale yaliyoshitakiwa. Wifi yangu alipokuja kula aliomba sahani ya pili, akaniomba na kichupa cha viungo aende nacho. Nikampa.

Baada ya miezi mitatu daftari lilisomeka 5. Baada ya sita, 3.4. Siku yake ya kuzaliwa ya pili, 2.6. Safu ya Baba ilishuka 21, 15, 12, kisha ikang'ang'ania hapo, kwa sababu mifupa ya mzee ina akiba ya tangu 1979 na hulipa damu deni lake kidogo kidogo. Hakuna atakayetuambia ile 7 ilichukua nini kwa mtoto, na kama ilichukua. Anazungumza lugha mbili, anakimbia, anavunja vitu. Nikimwona amesahau neno, moyo wangu hushtuka, kisha nakumbuka watoto wote husahau maneno.

Mama bado huuliza hesabu kila mwezi kabla hajauliza hali ya hewa. Amejifunza kuisema "risasi isiyolia," naye ndiye aliyeniambia kwamba ubaya wake ni huo tu, ile nyingine angalau hukupa nafasi ya kukimbia.

Jambo moja lilibaki. Yale maji ya pipa hutoka meusi kama wino, na haiwezekani kuyamwaga kwenye sinki wala kwenye majani. Baba huyakusanya kwenye debe la plastiki lenye kifuniko cha kubana, ameandika juu yake RISASI kwa Kiingereza, na chini, kwa kuwa aliniuliza kwetu tunasemaje, ameandika kwa Kiswahili. Mara mbili kwa mwaka kaunti hupokea taka za sumu kutoka majumbani. Mwezi wa Mei tulipanga foleni pamoja, nyuma ya magari yenye makopo ya rangi na dawa za wadudu, dakika arobaini kwenye jua. Kijana mwenye glavu ndefu alichukua debe, akauliza lina nini, akaandika kwenye karatasi, akalipeleka chini ya hema ambako mapipa makubwa yalikuwa yamepangwa na kuandikwa.

Baba alikuwa analalamika juu ya foleni. Dakika arobaini kwa lita kumi za maji, alisema. Nikamweleza, kwa mara ya kwanza, habari za Owino Uhuru: maji meusi kama haya, yaliyotoka kiwandani kila siku, hayakuandikwa kwenye karatasi ya mtu, yakapita tu mlangoni mwa watu. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kijiji kile kina watu wangapi, nikamwambia kama elfu tatu.

Akawasha gari. Mwezi wa Oktoba, alisema, tutakuja mapema zaidi.